Baruti Husukuma Pande Zote

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na Mama, na kabla sijaingia kwenye maneno niambie kwanza kama unalala. Mama aliniandikia kwamba siku hizi unakaa kwenye kiti cha nje ukitazama kilima mpaka chai inapoa mkononi. Nauliza pia kifua chako, magoti ya Mama, na kama mvua imeyakumbuka mahindi yenu. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini ni kukonda kwa kazi, si kwa ugonjwa.

Naandika kwa Kiswahili kama wewe ulivyokuwa ukituandikia ulipofanya kazi mbali, na pia kwa sababu nataka hata majirani wasio wa lugha yetu wasomewe barua hii. Usiifiche kabatini.

Leo mtaa umetulia. Mama Kamau, mwenye nyumba wangu, anashona kanzu za kwaya chumba cha pili, na cherehani yake inaitikisa meza ninayoandikia hivi kwamba chai kwenye kikombe inafanya viduara vidogo, vinakuja, vinapotea. Zamani nisingeviona. Siku hizi kila kinachotetemeka nakiona. Lori likipita kwenye barabara ya Outer Ring, nyayo zangu zinalipata kabla ya masikio. Usinicheke.

Barua yako ilinifikia. Ilikuwa fupi kama wewe mwenyewe unapokuwa na uchungu. Ulisema ardhi ilitikisika Jumapili mchana kwa mshindo, ukuta wa jiko la Mama Selina ukamwangukia na kumvunja mguu vibaya. Ulisema watu wanadai ulikwenda machimboni kwa siri ukalipua mawe ya mteja wako, ilhali wewe ulikuwa shambani ukipalilia, na kwa kuwa Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama, hakuna hata mtu mmoja aliyekuona. Ulisema chifu amechukua funguo za stoo ya baruti. Kisha jina lako, basi. Hukuniomba nifanye lolote. Hilo ndilo lililoniliza.

Sasa nikueleze nilichofanya, hatua kwa hatua, ili na wewe uweze kumweleza mtu.

Kazi yangu hapa chuoni unaijua, ingawa Mama huwaambia watu kwamba nafundisha jiografia. Nasoma mitetemo ya ardhi. Idara yetu imefukia vyombo sehemu kadhaa za magharibi: kimoja kwenye shamba la chai upande wa Nandi, kimoja shuleni karibu na ziwa, kimoja kuelekea mpaka wa Uganda, na vingine viwili, upande wa Kisii na kule Bonde la Ufa. Kila chombo kina kalamu inayochora mstari kwenye karatasi iliyozungushiwa pipa dogo, na pipa hilo linazunguka polepole bila kupumzika. Ardhi ikitulia, mstari unanyooka. Ardhi ikishtuka, kalamu inaruka. Karatasi zikijaa huletwa Nairobi kwa basi, zimekunjwa kama mikeka.

Kuna utulivu katika chumba kile ambao sijaupata mahali pengine hapa mjini. Unaitandaza karatasi mezani, mistari imelala sambamba kama matuta ya viazi, na baada ya muda unasahau kwamba umekaa kwenye stuli. Unaona kama umelala chini ya udongo, shavu kwenye jiwe la baridi, unasikiliza ng'ombe, treni, watu wakitembea juu yako. Kuna siku Njuguna, mwenzangu wa kazi, huniita jina mara mbili tatu kabla sijarudi juu.

Barua yako ilipofika, karatasi za Jumapili ile zilikuwa tayari kwenye rafu. Nilizishika, nikazirudisha. Baba, mimi sikuwa na shaka na neno lako. Niliogopa kwa sababu karatasi haikujui. Ingeonyesha kitu kilichofanana na baruti, ningefanya nini?

Nikaenda kwa Profesa, mkuu wetu, nikamwambia yote. Alivua miwani akanitazama.

"Rebeka, kwa nini umeniambia? Ungeweza kuzisoma kimya kimya."

"Kwa sababu nikizisoma peke yangu, hata nikisema kweli, itakuwa kweli ya binti kwa baba yake."

Akafikiri. Akasema, "Basi utasoma wewe, na Njuguna atasoma kivyake. Asiambiwe inamhusu nani wala palitikisika wapi. Mkikubaliana, nitatia sahihi. Msipokubaliana, sitatia. Na ikiwa ni baruti, Rebeka, nitaandika kwamba ni baruti."

Nilisema ndiyo, Mwalimu. 

Tunachotafuta ni hiki, na wewe utakielewa haraka kwa sababu umekifanya kwa mikono yako. Baruti ikilipuka ndani ya mwamba husukuma pande zote. Kaskazini inasukuma, kusini inasukuma, kila upande. Kwa hiyo kila chombo, popote kilipo, hupokea msukumo kwanza, na kalamu huanza kwa kupanda juu. Lakini ardhi ikitetemeka yenyewe, huwa ni mwamba umepasuka na vipande viwili vimetelezana, kimoja kimekwenda huku na kingine kule. Walio mbele ya kipande wanasukumwa, walio nyuma yake wanavutwa. Anayevutwa, kalamu yake huanza kwa kushuka. Baada ya hapo mstari unavurugika, juu chini juu chini, hauna siri tena. Ni ule mwanzo tu tunaoutaka, ile pumzi ya kwanza.

Nilisoma kwa kioo cha kukuzia. Shuleni karibu na ziwa, kalamu ilipanda. Mpaka wa Uganda, ilipanda. Bondeni, ilipanda. Zote tatu zilianza kama baruti. Kisii ilikuwa imefifia, mwanzo wake umezama katika mitetemo ya upepo, sikuthubutu kusema kitu. Nikabaki na ile ya shamba la chai. Nilikaa nayo. Nilimwona Mama Selina akikoroga sufuria yake, nikakuona wewe umeinama na jembe, nikaona chini yenu giza na mawe. Kisha nikatazama. Kalamu ilikuwa imeshuka. Si kidogo, ilishuka kama ndoo inayoachiwa kisimani.

Nilitaka kupiga kelele lakini nikangoja Njuguna amalize meza ya pili. Akaja akijinyoosha mgongo.

"Rebeka, hii imenipa kazi. Tatu ziko juu. Hii ya Kisii siwezi sema. Ya chai iko chini, chini kabisa."

"Kwa hiyo si mlipuko," nikasema.

"Ngoja kwanza." Alikuna kichwa. "Pale kwa chai si tulibadilisha waya juzi juzi? Mimi ndio nilifunga, tena mvua ilikuwa inaninyeshea. Nikiwa niligeuza hizo waya mbili, juu inaandikwa chini na chini inaandikwa juu. Hapo zote zitakuwa juu. Hapo inaweza kuwa mlipuko, Rebeka."

Unaona, Baba? Jina lako lilikuwa linaning'inia kwenye waya mbili zilizofungwa kwenye mvua.

Profesa alisema mtetemo wenyewe ulikuwa na lile wimbi la pili, zito, la kuyumbisha pembeni, ambalo baruti hulitoa kwa udhaifu. Alisema binafsi anaamini. Lakini hakutia sahihi. "Kuamini si kujua," akasema. "Nitafutieni kitu tunachokijua, kilichopita kwenye waya hizohizo."

Nilirudi Umoja siku hiyo nimechoka vibaya. Nilijilaza kitandani na viatu vyangu, jua likiwa bado ukutani, watoto wa mtaa wakiruka kamba nje ya dirisha, tap, tap, tap. Sijui kama nililala. Nilijikuta nyumbani, nikiwa mdogo, na honi ya machimbo ikalia ule mlio wake mrefu, na Mama akatuita tuingie ndani kwa sababu ilikuwa Ijumaa na Baba anakaribia kulipua. Tulikuwa tunakaa chini tumeshika miguu ya meza, tunangoja. Kisha inakuja, kwanza sakafuni, halafu masikioni. Tunacheka. "Baba amebisha hodi," ndivyo Mama alivyokuwa akisema.

Nikaamka nimekaa wima. Ijumaa! Wewe hulipua Jumanne na Ijumaa kabla ya jioni, miaka yote. Na waya zilibadilishwa kabla ya Jumanne na Ijumaa zilizotangulia Jumapili ile.

Kesho yake nilimwambia Profesa na tukatandaza karatasi ya shamba la chai ya Ijumaa hiyo. Pale alasiri, kulikuwa na alama ndogo sana ambayo huwa tunairuka, kama unyoya. Kalamu ilikuwa imepanda. Tukatoa ya Jumanne iliyotangulia, imepanda. Tukaangalia vyombo vingine, navyo vimepanda, na umbali tulioupima ukatuleta palepale machimboni kwako. Waya zilikuwa sawa. Baruti iliyopita kwenye waya zile iliandikwa juu. Mtetemo wa Jumapili ukaandikwa chini.

Njuguna alishusha pumzi. "Kwa hiyo sikugeuza. Mungu wangu. Lakini huyu jamaa wa mlipuko ni nani? Kila wiki, anafanana vile vile. Mkono wake ni safi."

"Ni baba yangu," nikasema.

Alinitazama, akamtazama Profesa. "Mzee wako! Na hukuniambia?"

"Ulikatazwa kuambiwa," Profesa akajibu badala yangu, na nadhani alikuwa akitabasamu.

Baba, nimefanya kazi kwenye meza ile muda mrefu. Nimezipita alama zile nyingi sana, nikiziandikia kwa penseli neno "mlipuko" na kuendelea. Ulikuwa unabisha hodi, nami nikaandika mlipuko. Nilitoka nje nikasimama chini ya mti wa jakaranda hapo chuoni, nikalia kidogo, nikarudi kazini.

Kazi ilikuwa bado. Tulichora duara, tukaweka nukta nyeusi kwa vyombo vilivyosukumwa na nukta tupu kwa vilivyovutwa, tukapima pia nguvu za mawimbi ya kwanza na ya pili kwa kila chombo, kisha tukatafuta jinsi mwamba ulivyoteleza hadi ukatoa picha ile. Kila mara duara kama hilo linakupa mistari miwili inayokatana, na karatasi peke yake haisemi ni upi ndio ufa wenyewe na upi ni kivuli chake. Mmoja wa mistari yetu unakatiza kilima. Mwingine unafuata mguu wa kilima sawasawa, pale zilipo chemchemi, ile ya kanisani, ile ya kwa Zakayo, na ile ambayo akina mama hufulia. Maji yanatokea kwa mstari ulionyooka, kama yanavyopanda penye ufa. Profesa alipoona ramani alikubali kwamba huo ndio unaoelekea kuwa ufa. Chini kabisa, mbali kuliko baruti yoyote ingefika, upande wa kilima umetelezea kidogo upande wa bonde. Labda urefu wa kidole tu. Ndio ukuta ukaanguka.

Ameandika barua ya kusema hivyo na kuitia sahihi. Lakini sikutaka karatasi hiyo ije kwa posta.

Unamkumbuka Yohana, kifungua mimba wa Mama Selina. Ni kibarua kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area na anakaa Mukuru kwa Reuben. Zamani alikuwa akija kwangu Jumapili kula, akimsaidia Mama Kamau kubeba vitambaa. Tangu mama yake avunjike hakuja tena, na siku tulipokutana sokoni aligeuza uso. Jana nilikwenda kwake kwa miguu. Nilimkuta ameketi mlangoni anakata kucha.

"Umekuja kufanya nini, dada?"

"Kumuulizia Mama."

"Mama amelazwa, mguu umefungwa chuma. Umeshajua. Kamwambie mzee wako."

Nikamwomba aniruhusu nikae. Akaendelea kukata kucha, nikakaa. Nikamwonyesha nakala ya mistari.

"Karatasi haifungi mfupa," akasema.

"Najua haifungi."

Aliigeuza juu chini. "Mistari tu hii."

Nilijaribu kumweleza kama nilivyokueleza, nikaona maneno yanampita. Hapo ndani, kando ya jiko, kulikuwa na miche miwili ya sabuni iliyogandana, ya kutupwa kiwandani. Nikamuuliza hugandanaje. Akaichukua, kwa sababu hilo alilijua.

"Joto likizidi stoo zinashikana hivi. Ukitaka kuzitenganisha unasukuma huu huku, huu kule." Alisukuma. Hazikuenda. Akasukuma zaidi, mishipa ikamtoka shingoni, na mara moja, tap, zikatelezana na mikono yake ikaruka.

"Sasa," nikamwambia, "ungekuwa umekaa mbele ya mche huu?"

"Ungenisukuma."

"Na nyuma yake?"

"Ungeniacha... ungenivuta."  Akaziweka tena pamoja, akazitelezesha polepole, tena na tena. "Na baruti?"

"Baruti ingesukuma kote."

Mashine za kiwanda zilikuwa zinavuma ng'ambo ya ukuta, na mtu alikuwa amefungulia redio nyimbo za dini. Yohana alikuwa bado anazitazama sabuni.

"Basi si mtu," akasema.

"Si mtu."

"Dada, mimi nilishapata mtu wa kumchukia. Ilikuwa inanisaidia. Nikimaliza shifti nikiwaza mguu wa Mama, namchukia mzee wako mpaka napata usingizi. Sasa nimchukie nani?"

Nilizichukua zile sabuni mkononi mwake nikazirudisha kando ya jiko.  Baadaye akauliza kama itatokea tena. Nikamwambia sijui, hata Profesa hajui, na nikimwambia najua nitakuwa namdanganya. Nadhani ni hapo ndipo aliponiamini, si kwenye sabuni.

Aliingia ndani akatoka na koti lake la safari. "Nipe hiyo barua ya mkubwa wako. Ikitoka kwako watasema mtoto anamtetea baba yake. Mimi nitaisoma mwenyewe baada ya ibada Jumapili ijayo, mbele ya chifu, na Mama akiwa amesikia kwanza." Sikumwomba. Alisema mwenyewe.

Leo jioni atapita kuchukua na barua hii kabla ya kusafiri, kwa hiyo ni yeye aliyekukabidhi bahasha. Yumkini amesimama uani hajui aweke wapi mikono. Mama amkaribishe. Na wewe, ninavyokujua, utataka kunyamaza. Tafadhali mwambie neno, hata la mvua. Ukirudishiwa funguo, kabla hujaenda machimboni nenda ukauone ukuta wa Mama Selina. Yale mawe yamepangwa kwa udongo mtupu. Unajua jinsi ya kuyafunga kwa saruji na nondo, na nyumba nyingine hapo chini ya kilima ziko vivyo hivyo. Hilo ndilo jambo ninaloliogopa sasa.

Nisalimie Mama, mwambie kanga aliyonipa ndiyo pazia langu. Nisalimie dada yangu mkubwa na mumewe na mapacha wao, na shangazi anayeuza mitungi, na mchungaji ambaye nasikia peke yake ndiye aliyeendelea kukupa mkono. Na Mama Selina mwenyewe, mwambie nitakuja kumwona hospitalini kabla sijafika hata kwenu.

Ndiyo, nakuja. Profesa amekubali tuweke chombo kimoja hapo nyumbani, tusikilize kilima kwa karibu, na mimi na Njuguna ndio tutakaokifukia. Kinahitaji mwamba mzima, usio na ufa, ulioshikana na mizizi ya kilima. Hakuna anayeijua miamba hiyo kama wewe. Tembea polepole, kifua chako kisikusumbue, ugonge kwa nyundo na usikilize, kisha unichagulie mmoja. Huo usiupige baruti tena maishani.

Mwanao akupendaye,
Rebeka